Hozi na paipu za breki: Yafaayo kujulikana kabla ya kuimarisha gari la njia ngumu

Mwenye gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, anapoliandaa kwa safari za mbali, kwanza huwazia tairi. Kisha huwazia springi ndefu za kuliinua, keria ya juu ya paa, winchi na vyuma vya kukinga taa. Hozi za breki huwa za mwisho kukumbukwa, na aghalabu hukumbukwa tu baada ya fundi kumshauri anunue zile zilizovikwa waya unaong’aa.

Ushauri huo si mbaya, lakini una mtego ndani yake. Hozi na paipu mpya, hata ziwe ghali vipi, haziongezi nguvu za breki. Kinacholisimamisha gari ni msuguano kati ya pedi na diski, na kati ya tairi na ardhi. Kazi ya hozi na paipu ni moja tu: kuifikisha nguvu ya mguu wa dereva kwenye gurudumu bila kupungua, bila kuvuja na bila kukatika njiani.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kuimarisha sehemu hii ya gari anapaswa kujiuliza maswali manne, tena kwa mpangilio huu: Je, urefu unatosha? Je, maungio ni sahihi? Je, mafuta ni yafaayo? Na mwisho, je, hozi imetengenezwa kwa kitu gani? Wengi huanza na swali la mwisho na kuyasahau yaliyotangulia, na hapo ndipo hatari huzaliwa.

Safari ya mafuta ya breki

Breki za mafuta hutegemea kanuni iliyofafanuliwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba shinikizo likitiwa kwenye umajimaji uliofungiwa huenea kwa kiasi kile kile pande zote. Mmarekani Malcolm Loughead aliitumia kanuni hiyo kuunda breki za magari katika miaka ya 1910, na kampuni ya Duesenberg ikaziweka kwenye magurudumu yote manne ya gari lake la Model A mwaka wa 1921. Tangu hapo mambo mengi yamebadilika, lakini njia ya mafuta imebaki ile ile.

Dereva akikanyaga breki, masta silinda husukuma mafuta kwenye paipu nyembamba za chuma zilizofungwa kwenye chesisi. Mahali ambapo chuma hakiwezi kuendelea kwa sababu gurudumu hupanda, hushuka na kugeuka, paipu huunganishwa na hozi inayopindika. Hozi huyapeleka mafuta kwenye kalipa au kwenye silinda ndogo ya gurudumu. Dereva akisimama ghafla, shinikizo ndani ya njia hiyo laweza kupita bar 100, takriban mara 40 ya shinikizo la hewa katika tairi la gari dogo.

Katika magari mengi yenye ekseli nzima nyuma, kama vile Toyota Land Cruiser za aina ya 70 na Land Rover Defender za zamani, hozi moja tu ndiyo hutoka kwenye chesisi hadi kwenye ekseli, kisha paipu hugawanya mafuta kushoto na kulia. Hozi hiyo ikikatika, magurudumu yote mawili ya nyuma hukosa breki kwa mpigo mmoja. Ni kweli kwamba magari ya kisasa yana mikondo miwili iliyotenganishwa ili mmoja ukiharibika mwingine usalie. Hata hivyo, kanyagio huzama, umbali wa kusimama huongezeka, na kwa gari lililosheheni mizigo kwenye mteremko wa Iten kuelekea Bonde la Kerio, ambako barabara hushuka zaidi ya mita 1,000, kilichosalia huenda kisitoshe.

Njia ngumu huumiza vipi?

Humu nchini kila eneo lina namna yake ya kuziharibu sehemu hizi. Mawe ya volkeno ya upande wa Loiyangalani hurushwa na tairi na kuzigonga paipu. Magadi na chumvi za ziwa Magadi, pamoja na hewa ya bahari katika kaunti za Pwani, hula chuma. Tope la nyanda za juu hujificha nyuma ya vishikizo vya paipu na kubaki na unyevu kwa majuma mengi. Vichaka vya miiba navyo hunasa hozi iliyolegea na kuivuta.

Kutu mbaya zaidi ni ile isiyoonekana. Paipu yaweza kung’aa kotekote lakini chini ya kishikizo ikawa imeliwa hadi kubaki nyembamba kama ganda la yai. Fundi makini huondoa tope, hufungua vishikizo na kuitazama paipu pande zote. Ikiwa imechimbika au inatoa magamba, dawa yake si rangi bali ni kuibadilisha.

Hozi ya mpira nayo huzeeka. Dalili za nje ni nyufa, uvimbe na unyevu karibu na ncha. Kuna pia dalili ya ndani ambayo huwahangaisha mafundi wengi. Utando wa ndani wa hozi ukibanduka, hugeuka mfano wa mlango unaofunguka upande mmoja: mafuta hupita dereva akikanyaga, lakini hayarudi akiachilia. Gurudumu hushikwa na breki, huwa moto, na gari huvuta upande. Kalipa hubadilishwa bure ilhali kosa liko kwenye hozi.

Ikumbukwe kwamba magari yaliyotumika huruhusiwa kuingizwa Kenya yakiwa na umri usiozidi miaka 8, kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515:2000. Maana yake ni kwamba hata gari ‘jipya’ machoni pa mnunuzi huenda likawa na hozi zilizokwisha kula chumvi nyingi. Yaliyoingia zamani yana hozi zilizozeeka zaidi.

Swali la kwanza: Urefu

Gari likiinuliwa kwa springi ndefu, umbali kutoka chesisi hadi ekseli huongezeka. Hozi ya kiwandani, iliyopimwa kwa springi za awali, hubaki fupi. Barabarani hilo halionekani. Litaonekana siku gurudumu moja litakapopanda jabali na jingine kuning’inia korongoni. Hali hii huifahamu vyema kila aliyetazama mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka wa 1989 ili kuchangisha fedha za kuzungushia ua msitu wa Aberdare. Hapo hozi fupi hugeuka kamba inayoubeba uzito wa ekseli, nayo haikuundwa kwa kazi hiyo.

Kipimo cha haki hakipatikani gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Liinuliwe, chesisi iegemezwe kwenye stendi imara, na ekseli iachwe ining’inie hadi mwisho wa mwendo wake. Kisha upande mmoja wa ekseli uinuliwe kwa jeki huku mwingine ukiwa chini, na mambo yageuzwe kwa upande wa pili. Kwa magurudumu ya mbele, usukani uzungushwe hadi mwisho kushoto na kulia katika kila hali. Hozi inayofaa ni ile inayobaki na ulegevu kidogo hata katika hali mbaya kuliko zote.

Urefu uliopita kiasi nao ni adui. Springi ikibanwa, hozi ndefu huvimba kama kitanzi na kugusa tairi, springi au bomba la moshi. Baadhi ya mafundi huifunga kwenye springi kwa waya au kamba ya plastiki. Hilo ni kosa, kwani springi hucheza wakati wote na kamba huikata hozi polepole. Suluhu ni hozi ya urefu uliopimwa, au kishikizo cha chesisi kuteremshwa kwa kipande cha chuma kilichofungwa kwa bolti, pasipo kuipinda paipu kwa nguvu.

Jambo jingine ni kwamba kinachozuia ekseli isishuke kupita kiasi kiwe shokomzoba au mkanda maalumu, kamwe kisiwe hozi. Anayenunua shokomzoba ndefu baada ya hozi kupimwa anapaswa kupima upya.

Swali la pili: Maungio

Njia ya mafuta huvuja mahali inapoungana, mara chache katikati. Ncha ya paipu hupanuliwa kwa kifaa maalumu ili ikalie kikamilifu kwenye kiti chake. Ziko aina mbili kuu: ile inayokunjwa mara mbili kwa pembe ya digrii 45, iliyozoeleka katika magari mengi ya Kijapani, na ile yenye umbo la kiputo, inayopatikana katika magari mengi ya Ulaya. Aina hizi hazibadilishani. Ncha ya kiputo ikikazwa kwenye kiti cha aina nyingine huenda isivuje siku ya kwanza, lakini haikuundwa kukaa hapo.

Nyuzi za nati nazo huwadanganya wengi. Nati ya vipimo vya milimita yaweza kuingia mizunguko miwili au mitatu kwenye tundu la vipimo vya inchi, kisha ikakaza. Anayeilazimisha kwa spana huharibu nyuzi na kudhani kazi imekwisha. Nati iliyo sahihi huingia kwa vidole karibu safari yake yote. Isipofanya hivyo, kazi isimamishwe.

Mambo matatu hayana nafasi kwenye breki. La kwanza ni kiungo cha kubana kwa pete, kile kinachotumika kwenye mabomba ya maji. La pili ni kuchomelea paipu iliyotoboka. La tatu ni utepe mweupe wa mafundi bomba, ambao hauzibi chochote hapa na vipande vyake huweza kuingia ndani ya mfumo. Paipu iliyotoboka hubadilishwa kutoka kiungo hadi kiungo. Aidha, pale ambapo hozi hufungwa kwenye kalipa kwa bolti yenye tundu, washa zake mbili za shaba ziwe mpya. Washa iliyokwisha kubanwa haibaniki vyema mara ya pili.

Swali la tatu: Mafuta

Mafuta mengi ya breki huvuta unyevu kutoka hewani, hata kupitia kuta za hozi za mpira. Unyevu hupunguza kiwango cha joto ambacho mafuta huchemka. Kulingana na viwango vya Marekani, mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155, na kwa DOT 5.1 ni 260 na 180.

Kwa nini hilo ni muhimu? Kwenye mteremko mrefu dereva anayetegemea breki badala ya gia huzipasha moto pedi na kalipa. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika kwa urahisi. Kanyagio huzama hadi sakafuni pasipo kitu chochote kuvuja. Hakuna hozi iwezayo kuzuia hali hiyo. Dawa yake ni mafuta mapya, ambayo kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, pamoja na gia ya chini.

Mafuta ya DOT 5 ni ya silikoni na hayachanganywi na hayo mengine, japo jina lake linakaribiana na DOT 5.1. Mafuta ya injini au ya usukani yasikaribie kabisa chombo cha breki. Huvimbisha raba za mfumo huo, na gharama ya kuzibadilisha zote hupita mbali bei ya chupa moja ya mafuta sahihi.

Swali la nne: Mpira au waya?

Hozi ya kawaida ina tabaka la mpira ndani, nyuzi zilizofumwa katikati, na mpira mwingine nje. Hozi iliyovikwa waya ina mrija wa plastiki ngumu aina ya PTFE, uliofunikwa kwa waya wa chuma kisichoshika kutu. Hii ya pili hupanuka kidogo zaidi chini ya shinikizo, hivyo kanyagio huwa gumu na dereva huihisi breki vizuri. Waya nao huukinga mrija dhidi ya mawe na miiba. Kwa anayepita nje ya barabara mara kwa mara, faida hizo ni za kweli.

Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mchanga ukipenya kati ya waya na mrija, kila mtikisiko hugeuka msasa. Waya wenyewe huweza kuparuza paipu au rangi iliyo karibu. Mrija wa ndani ukipindwa sana hukunjika usirudi, na kosa hilo halionekani kwa nje. Ndiyo maana hozi nzuri ya aina hii hufunikwa kwa plastiki juu ya waya, ncha zake hubanwa kiwandani kwa mashine, na huwa na alama za mtengenezaji.

Alama hizo si pambo. Kanuni za Marekani kuhusu hozi za breki hudai kwamba hozi ihimili pauni 4,000 kwa inchi mraba kwa dakika mbili, na yenye tundu la zaidi ya milimita 3 isipasuke chini ya pauni 5,000. Hozi pia hutikiswa kwenye mashine kwa saa 35 mfululizo. Iliyopita huandikwa ‘DOT’ pamoja na utambulisho wa mtengenezaji na tarehe. Hozi isiyo na maandishi yoyote, au iliyokatwa na kuungwa kwa mkono dukani, haijulikani itahimili nini.

Yafaa pia kusema kwamba sehemu kubwa ya nafuu anayoihisi mtu baada ya kuweka hozi za waya hutokana na upya wa hozi na mafuta, wala si waya. Ambaye mfuko wake hauruhusu hana haja ya kuona haya. Hozi mpya za mpira, za urefu ufaao na kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, ni uboreshaji halisi.

Kuhusu paipu, chuma chenye rangi ya kinga hufaa pale inapotunzwa. Mchanganyiko wa shaba na takriban asilimia 10 ya nikeli haushiki kutu kwa urahisi na hupindika vyema. Kampuni ya Volvo ya Uswidi ilianza kuutumia katika miaka ya 1970. Shaba tupu, ile ya majokofu, isitumike. Huchoka kwa mtikisiko na kupasuka. Paipu mpya ipitishwe ndani ya mbavu ya chesisi, mbali na bomba la moshi, na ishikwe takriban kila sentimita 30. Vizingo vilivyo karibu na masta silinda visinyooshwe, kwani huipa paipu nafasi ya kucheza.

Valvu inayosahaulika

Magari mengi ya mizigo yana valvu iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Gari likibeba mzigo hushuka, fimbo huinuka, na valvu huruhusu shinikizo zaidi nyuma. Gari likiinuliwa kwa springi ndefu, valvu hudanganyika kwamba gari ni tupu wakati wote, na breki za nyuma hufanya kazi pungufu hata mzigo ukiwa mkubwa. Anayebadilisha hozi kwa sababu ya kuinua gari hana budi kurekebisha kishikizo cha fimbo hiyo kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji.

Kufunga na kujaribu

Hozi haipaswi kusokoteka. Nyingi zina mstari uliochapishwa kwa urefu wake. Mstari ukizunguka kama mkia wa nguruwe, hozi imesokotwa na ifunguliwe upya. Hewa hutolewa kwa kawaida kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ingawa kitabu cha gari ndicho chenye kauli ya mwisho. Chombo cha mafuta kisiachwe kikauke, na mafuta yaliyotoka yasirudishwe. Magari yenye mfumo wa ABS huenda yakahitaji mashine ya kuamuru pampu ifunguke. Mafuta yakimwagika kwenye rangi, yaoshwe kwa maji mara moja.

Kazi ikikamilika, injini iwashwe na breki ikanyagwe kwa nguvu kwa nusu dakika. Kanyagio lisizame. Huku likiwa limekanyagwa, mtu wa pili achunguze kila kiungo kwa tochi na karatasi kavu. Kisha gari lijaribiwe mahali tambarare pasipo watu, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, halafu 40. Baada ya kilomita 100 za kwanza, viungo vyote vikaguliwe tena.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka mwenye gari kuhakikisha lina breki zinazofanya kazi, na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012, ndiyo husimamia ukaguzi wa magari. Lakini mkaguzi hulitazama gari likiwa limesimama kwenye sakafu tambarare. Hatakuwapo siku gurudumu litakaponing’inia. Hakikisho la siku hiyo hutolewa na mwenye gari na fundi wake, kwa kupima hozi ekseli ikiwa imeshuka hadi mwisho, kabla ya fedha zozote kutolewa kununua waya unaong’aa.